Mpishi wa Hekaluni Asiyewahi Kuonja Chakula Chake

Saa moja kasorobo asubuhi, Jumapili, Mwanabaraka Khalfani amekaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jiko, mikono mapajani, kama mgeni aliyeambiwa asubiri kidogo. Mbele yake sufuria mbili kubwa ziko motoni. Moja ni ya wali, nyingine ya dali, ule mchuzi mzito wa mbaazi zilizokobolewa na viazi vilivyokatwa vidogovidogo. Anayekoroga si yeye, na hilo linamchosha kuliko kama angekuwa anakoroga mwenyewe.

"Punguza moto," anasema.

Yuliana, mwanamke wa miaka thelathini na nne mzaliwa wa Masasi, anapunguza moto. Kisha anainama juu ya sufuria ya dali na kuvuta pumzi ndefu.

"Unasikia nini?" anauliza Mwanabaraka.

"Mbaazi zimeiva. Manjano bado yana ubichi."

"Basi iache kwanza."

Mwanabaraka ana miaka sitini na moja. Mtaani huitwa Mama Talha, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Kwa miaka ishirini na saba amekuwa mpishi wa hekalu dogo la Kihindu lililobanwa na nyumba za Mwananyamala, na wenyeji wengi hawajui hata linaitwaje. Wao husema Penye Bendera, kwa sababu ya kitambaa chekundu kinachopepea juu ya kuba lake.

Jiwe la mlangoni limechongwa mwaka 1936. Wenye maduka na mafundi cherehani waliolijenga walitaka mahali tulivu nje ya mji, na walipapata kwenye shamba la minazi. Utulivu haukudumu. Leo ukutani upande mmoja kuna gereji ya bajaji, upande wa pili saluni yenye spika kubwa kuliko mlango wake, na kengele ya hekalu ikilia sharti ishindane na singeli.

Familia zilizokuwa zikisali hapa zilifika sitini. Sasa zimebaki kumi na nne. Nyingine zilihamia katikati ya jiji, nyingine Uingereza na Kanada. Foleni ya getini ndiyo iliyozidi kurefuka, kwani kila Jumapili hekalu hutoa chakula kwa yeyote anayekuja, bila kumuuliza dini wala shida yake. Wasukuma mikokoteni huja, wauza maji huja, na ndugu wa wagonjwa waliolala hospitali huja na vibakuli vyao. Kwa hesabu ya sahani zinazooshwa, ni watu mia na themanini.

Kwa miaka yote hiyo mikono iliyowapikia ilikuwa miwili. Mkono wa kulia una kovu la mafuta kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Miguu huvimba ikifika saa sita. Mshahara ulianza na shilingi elfu ishirini na leo ni laki mbili na themanini kwa mwezi, na Mwanabaraka anasema haulalamikii, ila magoti yake yanaulalamikia.

Lakini ugumu wenyewe wa kazi hii hauko kwenye magoti. Uko kwenye ulimi.

Chakula cha hekaluni hakionjwi jikoni. Mungu wa hapa ni wa kike, Annapurna, na kazi yake, kwa maelezo ya waumini, ni kuhakikisha hakuna anayelala na njaa. Sahani ya kwanza ni yake. Padri wa hekalu, ambaye wote humwita maharaji, huipeleka mbele ya sanamu, hufunga pazia, hupiga kengele, na baada ya hapo ndipo wanadamu hula. Mpishi akionja kabla, hata tone, sufuria nzima haiwezi tena kupelekwa. Hupelekwa kwa watu wa foleni ikaliwe, maana si najisi, na mpishi huanza kupika upya.

Sasa mwambie mpishi wa Kiswahili asionje. Ni sawa na kumwambia fundi cherehani asipime. Tone la mchuzi kiganjani, kiganja mdomoni, mkono hufanya hivyo wenyewe bila kutumwa. Gervas, mpishi aliyemtangulia Mwanabaraka, alirudia kosa hilo mara tatu katika mwezi mmoja, na mara zote tatu alikiri mwenyewe kabla hajaulizwa. Walimpenda, lakini wakaachana naye.

Wakati huo Mwanabaraka alikuwa muosha vyombo. Alisimama mlangoni mikono imejaa povu akamwambia maharaji wa siku zile kwamba yeye kila Ramadhani anapika siku thelathini bila kuonja. Mama yake mzazi alikuwa mkali wa jambo hilo, hakuruhusu hata ncha ya ulimi. Chumvi alimfundisha kuipima kwa vidole, tui kwa macho, na viungo kwa pua.

"Maharaji alicheka mpaka akakaa chini," anakumbuka. "Akasema, Wahindi wote hawa mjini, na anayejua kupika bila kuonja ni Mwislamu! Kesho yake akanipa upawa."

Hapo walipatana, na kwa Mwanabaraka mpaka ulikuwa wazi tangu siku ile. Yeye hupika, wao hupeleka. Ndani ya chumba cha ibada hajawahi kukanyaga. Kaka yake, kwa sababu ya kazi hiyo, alisusa kufika kwake karibu mwaka mzima, kisha akarudi mwenyewe Idi moja akiwa na njaa. Na kwa kuwa chakula kikishapita mbele ya sanamu yeye kwa dini yake hakili, saa ya chakula hutoa kontena lake la mihogo au kiporo cha wali, akala peke yake kwenye ngazi za nyuma.

Kwa hiyo kabla ya ibada hawezi kuonja kwa sababu ya sheria yao, na baada ya ibada hawezi kwa sababu ya sheria yake. Miaka ishirini na saba, na chakula alichokipika kwenye sufuria zile hakijawahi kugusa ulimi wake.

Mtu atauliza kama hajawahi kupika dali hiyohiyo nyumbani. Amepika, tena mara nyingi. "Lakini sufuria ya watu wanne na ya watu mia na themanini si kitu kimoja," anasema. "Ni kama useme umeogelea kwa sababu umeoga."

Angeweza basi kuwategemea walaji wamwambie. Nao wana sheria yao. Chakula kilichokwisha kutolewa kwa Annapurna huitwa prasadi, na prasadi haisemwi. Huwezi kusema chumvi imezidi, huwezi kusema leo mpishi amepatia. Unapokea kwa mkono wa kulia, unakula, unamaliza. Mwanabaraka alilizoea hilo kwa namna yake, kwani sahani zilikuwa zinarudi tupu, naye alikuwa na pua.

Mpaka masika ya mwaka huu, alipopata mafua yaliyomlaza wiki mbili.

Aliporudi jikoni alifungua kopo la mvuje. Mvuje ndiyo ile gundi ambayo watu wa pwani humfunga mtoto mchanga mkononi kumkinga na husuda, na Wahindi hutia chembe yake kwenye dali badala ya vitunguu, ambavyo jikoni hapa haviingii. Harufu yake huwafikia hata watu wa gereji. Mwanabaraka aliliweka kopo chini ya pua asisikie kitu. Akaingiza kidole, akakipaka juu ya mdomo. Hakusikia kitu.

"Nilidhani mvuje umechuja, nikamwita Yuliana anuse. Yuliana akaruka nyuma akiziba pua," anasema. "Nikakaa chini. Nilijua nimekwisha."

Hospitali walimwambia huenda harufu itarudi, huenda isirudi, na kwamba wapo wengi wa namna yake. Hakumwambia mtu mwingine yeyote. Talha ana watoto wanne na mkopo wa pikipiki, na mwezi mmoja bila mshahara ungewaumiza wote.

Akatumia ujanja. Yuliana alikuwa ndiyo kwanza amehamishwa kutoka kwenye vyombo kuja kusaidia kukatakata, na Mwanabaraka akaanza kumuuliza kila dakika anasikia harufu gani. Yuliana alijua anafundishwa. Alijibu kwa bidii zote, kama mwanafunzi aliyekaa dawati la mbele.

"Nilikuwaga najisemea, huyu mama ananitengeneza niwe mpishi," anasema Yuliana, akicheka kidogo. "Kumbe alikuwa anaazima pua yangu."

Mwisho wa Mei, mama yake Yuliana aliugua, naye akaenda Masasi kumuuguza. Alikaa miezi mitatu. Mwanabaraka akabaki na sufuria zake, saa ya ukutani na masikio. Haradali aliisikia ikipasuka kwenye samli, hivyo aliweza kujua imeiva. Lakini mbaazi zinazoanza kushika chini ya sufuria hazipigi kelele. Zinatoa harufu tu.

Juni ikapita, Julai ikapita. Sahani zilirudi tupu kama kawaida, na kila Jumapili jioni alimshukuru Mungu kwamba ameipitisha salama.

Aliyemfumbua macho ni Ansbert, msukuma mkokoteni aliyeanza kuja kwenye foleni mwezi Juni. Jumapili moja ya Agosti alifika kwenye meza ya kugawia, akamwamkia vizuri, kisha akainama asisikike na wenzake.

"Shikamoo mama. Naomba wali mwingi, na ile ya moshi nitilie kidogo tu."

Mwanabaraka akamuuliza ya moshi ni ipi. Ansbert akamwonyesha dali. Akaeleza kwa heshima kwamba hana neno na vyakula vya watu, anajua Wahindi wana viungo vyao na pengine moshi ni sehemu ya utamaduni, ila tumbo lake limeshindwa kuuzoea.

Upawa ulimponyoka ukaingia ndani ya dali. Alimgawia mtu aliyefuata kwa bakuli.

Watu walipokwisha, alimfuata Hansaben Thakkar, mwenyekiti wa akina mama wa hekalu, bibi wa miaka sabini na tisa ambaye wote hapa humwita Ba, yaani mama. Ba alikuwa amekaa kwenye benchi akifuta miwani. Hajakosa mlo hata Jumapili moja tangu Mwanabaraka apewe upawa.

Akamuuliza kama dali inanuka moshi. Ba akaendelea kufuta miwani.

"Kikishatoka kwa Mama, hakisemwi," alijibu, akimaanisha Annapurna.

"Ba, umekula moshi tangu Juni?"

"Nimekula kilichotoka kwa Mama."

Hilo lilikuwa jibu tosha. Siku hiyohiyo Mwanabaraka alikwenda kwa maharaji akaeleza yote, kuanzia mafua hadi mvuje. Kamati ilikutana mara mbili. Mjumbe mmoja alipendekeza aletwe mpishi kutoka India, wakapiga hesabu ya tiketi wakanyamaza. Mwisho waliamua Mwanabaraka abaki hadi Diwali, sikukuu yao ya taa, amkabidhi Yuliana jiko, kisha apumzike na kiinua mgongo chake. Hakuna aliyemkaripia, na yeye anasema afadhali wangemkaripia.

Maana tangu siku ya Ansbert kuna kitu kinamla. Anakieleza polepole, akiwa bado kwenye kigoda chake, huku Yuliana akipepeta mchele wa sufuria nyingine ya wali.

"Moshi si ishu. Mtu anaunguza, anapika tena. Ila wamekula kibaya wakanyamaza, vilevile walivyonyamaza miaka yote. Sasa ile miaka yote nilikuwa napika nini? Mie nilijua sahani tupu ni sifa. Kumbe hata kwa dali ya moshi sahani zinarudi tupu."

Watu wa foleni hawawezi kumsaidia. Wanakuja na kuondoka kadiri maisha yanavyowasukuma, na aliyelala na njaa si mtu wa kumuuliza habari za viungo. Ansbert mwenyewe hana cha kulinganisha. Wa kulijibu swali hilo ni wale waliokula tangu mwaka 1998, na hao ndio waliofungwa midomo.

"Ukiniuliza kama nimechoka, nimechoka," anasema. "Lakini ningechoka vizuri kama ningejua."

Saa tatu na nusu dali imefika mahali pake. Yuliana anamimina samli yenye haradali, jiko zima linavuma, anakoroga, anainua upawa. Mkono wake wa kushoto umekwishafunguka chini ya upawa kabla mwenyewe hajajua. Tone linadondoka kiganjani.

Yuliana anakitazama kiganja chake. Anamtazama Mwanabaraka. Halafu anakifuta kwenye aproni, taratibu, akiwa ameuma meno.

"Kanawe," anasema Mwanabaraka.

Anaenda kunawa. Aliyebaki kwenye kigoda anashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anaegemea ukuta.

Saa tano maharaji anakuja na trei ya shaba, anachukua cha kwanza cha kila kitu, anaondoka nayo. Pazia linafungwa. Kengele inalia, spika ya saluni inaijibu. Kisha geti linafunguliwa na foleni inaingia.

Yuliana anagawa. Mwanabaraka anazunguka nyuma kwenye ngazi zake na kontena la mihogo, lakini leo analiacha pale bila kulifungua na kurudi karibu na meza ya kugawia. Anawaona wanavyokula, wa hekaluni kwenye mikeka na wa mtaani kwenye mabenchi, vichwa vimeinama. Ba yuko mahali pake. Anakula hadi anaifuta sahani kwa tonge la mwisho la wali, anaiweka chini, na uso wake hauna habari yoyote.

Saa nane mchana watu wamekwisha. Mwanabaraka, ambaye tangu Agosti amekuwa akilizungukia jambo hili bila kulisema, anamsogelea Ba pale kwenye benchi na kumuuliza. Hamuulizi kuhusu leo. Anamuuliza chakula chake kilikuwaje, miaka ile yote.

Ba anatafuta fimbo yake, anainuka kwa kujivuta, na kuanza kutembea kuelekea getini. Mwanabaraka anadhani amemkosea. Lakini Ba akishavuka geti anageuka na kumpungia mkono amfuate, anavuka mtaro kwa msaada wa fundi mmoja wa gereji, na hasimami hadi anafika ng'ambo ya barabara, kwenye kivuli cha kibanda cha kuuzia vocha.

"Hapa si hekaluni," anasema Ba.

Mwanabaraka anaitikia kwamba si hekaluni.

"Dali ya Juni ilikuwa mbaya. Ya Julai mbaya zaidi. Nilikuwa nainywa kama dawa." Anapumua, maana barabara imemchosha. "Kabla ya hapo, Mama Talha, nilikuwa nikimaliza kula Jumapili hii naanza kusubiri Jumapili nyingine. Miaka yote. Wanangu wananiita Uingereza, nawaambia siwezi, Jumapili nitakula wapi?"

Mwanabaraka analia pale barabarani, wala hajifichi. Mwenye kibanda anamtolea kiti, naye anakikataa, anampa Ba.

Diwali ni wiki mbili zijazo. Baada ya hapo atahamia Bunju, ambako Talha amemalizia chumba na sebule kwenye kiwanja walichonunua kidogokidogo. Mpango wake wa kwanza ni kulala. Anataka Jumapili moja jua limkute kitandani. Mpango wa pili ameshaanza kuutekeleza, maana amenunua sufuria mpya, ambayo haijawahi kuona nyama wala kitunguu, na ameiweka juu ya kabati imefunikwa kwa kanga.

Siku Ba atakapokwenda kumtembelea, atampikia dali humo, na hiyo haitapelekwa popote. Ataionja mwenyewe kwanza, kiganjani, mara nyingi atakavyo, kisha watakula pamoja kutoka sufuria moja, na kila mmoja aseme linalomjia mdomoni.

Ba amekubali kwenda. Ametoa sharti moja, na Mwanabaraka analirudia huku akitikisa kichwa, macho bado mekundu.

"Anasema viazi nimkatie vikubwa. Hapendi vidogo, hajawahi kuvipenda. Miaka ishirini na saba nimemkatia vidogo."